Swali la Imelda Kuhusu Maji

Ngara, Ijumaa alasiri

Mwanangu Devota,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako ninayo hapa masikioni. Nimekaa kwenye meza ya maabara, dirisha liko wazi, na ng'ambo ya ua nakusikia ukibishana na mama yako kuhusu sanduku. Yeye anataka uchukue blanketi la pili, wewe unasema Mwanza kuna joto. Mkubalie tu, atashinda. Mambo ya blanketi, sabuni, na kutopanda gari la mtu usiyemfahamu ameshakuambia yote, tena zaidi ya mara moja, kwa hiyo mimi sitayagusa. Nimetoroka huku mchana huu, wanafunzi wakiwa shambani, kwa sababu mafuta ya taa nyumbani yamekwisha tangu juzi, na jambo ninalotaka kukuambia nimeshindwa kulisema uso kwa uso. Nimejaribu mara tatu wiki hii. Mara ya mwisho ulikuwa unachambua maharage, nikaishia kukuuliza kama yana wadudu.

Kesho unapanda lori kwenda Biharamulo, kisha Mwanza, kuanza kidato cha tano, na somo la kwanza kwenye orodha yako ni kemia. Watu wananipongeza njiani. "Mwalimu, hiyo damu yako kabisa!" Nacheka nao. Lakini yuko binti mwingine aliyepaswa kupita njia hiyo hiyo miaka kadhaa kabla yako, hakupita, na aliyemfungia njia ni mimi. Anaitwa Imelda. Kesho nitafanya jambo kuhusu hilo, na litakugusa wewe pia, kwa hiyo ni haki yako ulijue mapema.

Nianze mbali kidogo, univumilie. Nilipokuwa chuo cha ualimu, habari ya atomu kuungana ilikuwa rahisi. Atomu ina kiini katikati, na elektroni zinakizunguka, kila moja na njia yake, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Atomu mbili zikikutana, kila moja inatoa elektroni moja, zinakuwa jozi, na jozi hiyo inakaa katikati yao ikizishika zote mbili. Huo ndio muungano wa kovalenti. Unachora nukta kwa elektroni za atomu hii, msalaba mdogo kwa elektroni za atomu ile, unazungushia duara, umemaliza kipindi. Nilikuwa nachora vizuri sana. Mkaguzi mmoja aliwahi kuusifu ubao wangu mbele ya walimu wote, nami nikaitembelea sifa ile miaka mingi.

Ikaja operesheni ya vijiji. Unakumbuka kwa mbali, ulikuwa mdogo, ulipanda juu ya mizigo ya bibi yako tulipomhamisha kutoka kwenye migomba yake kule Bukiriro kwenda kando ya barabara. Mimi nilibeba jiwe lake la kusagia, naye alitembea nyuma yangu. Shuleni tuliambiwa kila somo lioneshe siasa ya nchi. Mwalimu wa kilimo hakuwa na shida, wa historia hakuwa na shida. Mwalimu wa hesabu alihangaika mpaka tukamhurumia. Mimi nikajiona mjanja kuliko wote, maana kemia yangu ilikuwa imeniwekea jibu mezani. Nikaandika juu kabisa ya ubao kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, ingawa somo lenyewe lilikuwa la Kiingereza: KOVALENTI NI UJAMAA WA ELEKTRONI.

Usidhani nilikuwa nafanya mzaha au najipendekeza. Niliuamini Ujamaa, na sehemu kubwa bado nauamini. Nilisoma bure, mimi mtoto wa mama asiyejua kuandika jina lake. Na ule mfano haukuwa mbaya, wanafunzi waliushika upesi, hata wale waliokuwa wakisinzia. Kosa langu lilianza nilipoongeza neno moja. Nilisema atomu zinashirikiana ile jozi sawasawa. Zikiwa atomu mbili za aina moja, haidrojeni kwa haidrojeni, ni kweli. Lakini mimi nilisema ni hivyo kila mahali, kwa sababu sentensi ilisikika vizuri zaidi.

Sasa siku yenyewe. Kidato cha tatu, kipindi baada ya uji, tunasoma maji. Katibu wa tawi la chama wa wakati ule aliingia na kuomba kukaa nyuma. Alikuwa na daftari na kalamu mfukoni. Muhula uliotangulia mwalimu mmoja mwenzetu alikuwa amehamishwa mbali sana, ghafla, na sote tuliamini ni kwa ajili ya ulimi wake. Hatukuwahi kuambiwa sababu, basi kila mtu alijitungia yake. Nilipomwona katibu na daftari lile, nilimwaza yule mwenzetu.

Imelda akanyoosha mkono. Alikuwa binti mrefu, mkimya, anayekaa karibu na dirisha. Aliuliza kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa sheria ya darasa, mimi nakutafsiria.

"Mwalimu, umesema oksijeni na haidrojeni zinashirikiana jozi sawasawa."

"Ndiyo."

"Likizo nilitoboa debe kwa msumari, maji yakachuruzika membamba. Nikasugua kitana cha plastiki kwenye sweta ya kaka, nikakisogeza karibu bila kugusa. Maji yakapinda, yakafuata kitana."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nadhani maji yana upande mmoja wenye chaji hasi kidogo na mwingine wenye chaji chanya kidogo. Oksijeni inaivuta ile jozi kwake zaidi. Zinashirikiana, mwalimu, lakini si sawasawa."

Devota, alikuwa amepata. Jibu hilo lilikuwa kwenye kitabu changu cha maandalizi, kurasa mbili mbele. Binti yule alilifikia kwa debe na kitana, peke yake, na mwalimu mwenye moyo angeruka juu kwa furaha. Mimi nilitazama nyuma ya darasa. Katibu alikuwa ameinamia daftari. Mvulana mmoja akacheka, wengine wakageuka kutazama maandishi yangu makubwa ubaoni, na nikaona jinsi sentensi ya Imelda inavyoweza kusikika ikiwekwa chini ya maandishi yale: wanashirikiana, lakini mmoja anavuta kwake.

Nikamwambia, "Kaa chini. Debe lako lina kutu, na akili yako pia."

Darasa zima lilicheka. Imelda alikaa. Hakulia, na mimi nilishukuru kwamba hakulia, ndivyo nilivyokuwa mtu mdogo siku ile. Kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka aliandika jibu lile lile, neno kwa neno, nami nikalitia sifuri kwa wino mwekundu.

Hapo ningeishia ingekuwa nafuu. Mwaka uliofuata walipomaliza kidato cha nne, zikaja fomu za tabia. Unazijua, hata yako ilijazwa, na mkuu wa shule aliijaza mwenyewe ili mtu asije akasema baba amempendelea mwanawe. Kwa fomu ya Imelda mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa darasa. Niliandika hivi, nakumbuka mpaka mwinamo wa herufi: "Mwenye akili, ila ana mwelekeo wa kupinga. Hana moyo wa ushirikiano." Niliwaza kwamba kama katibu amepeleka habari popote, basi karatasi itaonesha kuwa mwalimu aliliona kosa na alilikemea. Nilijificha nyuma ya binti wa watu. Matokeo yalipotoka, alikuwa wa kwanza katika kemia shule nzima. Majina ya waliochaguliwa kidato cha tano yalipotoka, lake halikuwemo.

Nikaendelea kuishi. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo, jinsi nilivyoendelea kuishi vizuri tu. Nilikula, nilicheka, nilikubeba kwenye baiskeli kwenda misa Rulenge.

Kisha kikaja kitabu kipya. Kilikuja kwenye sanduku la vifaa pamoja na chupa za asidi zilizopasuka njiani, kikawa na harufu kali ambayo bado inacho. Nikakifungua sura ya muungano wa atomu, na kila nilichokuwa nafundisha kwa miaka yote kiliandikwa pale kama nadharia ya zamani. Mbuzi wangu wa kigingi hayupo. Elektroni haina njia unayoweza kuichora. Unachoweza kujua ni eneo ambamo uwezekano wa kuikuta ni mkubwa, na eneo hilo ndilo linaloitwa obitali. Nyingine ni mviringo kama chungwa, nyingine zina matumbo mawili, moja upande huu wa kiini na jingine upande wa pili. Atomu haziunganiki kwa nukta na msalaba. Zinaunganika pale obitali ya hii inapoingiliana na obitali ya ile, na elektroni mbili zikapata eneo moja la kukaa kati ya viini viwili.

Unajua nilifanyaje? Nilikifungia kabatini mihula miwili. Nilikuwa mwalimu aliyesifiwa ubao, sasa niwaambie wanafunzi kwamba ubao ule umepitwa? Nikaendelea na mbuzi wangu. Kilichonitoa huko ni kaboni. Kwa hesabu ya zamani ya elektroni zake, kaboni ina mbili tu zilizo peke yake, kwa hiyo ingepaswa kushika haidrojeni mbili. Lakini inashika nne, na zote nne kwa nguvu ile ile. Hilo nilikuwa nalijua siku zote na nalipita haraka darasani ili asiulize mtu. Kitabu kilisema obitali yake moja ya mviringo na tatu zenye matumbo mawili huchanganyika, zikazaa nne mahuluti zinazofanana kabisa, na hizo nne zinasukumana mpaka kila moja iwe mbali na wenzake iwezekanavyo. Nilisoma ukurasa ule mara nyingi nisielewe, kwa sababu miaka yote nilikuwa nimeichora methani, yaani hiyo kaboni na haidrojeni zake nne, bapa, kama msalaba, kwa kuwa ubao ni bapa.

Siku moja nikachuma ndulele porini nyuma ya shule, nikachukua spoku za baiskeli iliyokufa, nikachoma moja ya katikati kwa spoku nne. Bapa haikukaa. Nikainua spoku moja juu, nikazifungua tatu chini kama mafiga, ikakaa mezani imara, na popote ulipoigeuza ilikuwa ile ile. Wewe uliingia ukitafuta mpira, ukanikuta mtu mzima nacheza na ndulele huku machozi yananitoka. Ukaniuliza nani kafa. Nilikuambia ni utomvu umeniingia machoni. Sasa ujue kwamba yalikuwa machozi ya furaha, na chini ya furaha kulikuwa na aibu.

Kitabu hakikuishia hapo. Kulikuwa na nadharia nyingine tena baada ya hiyo, inayosema usizitazame obitali za atomu moja moja, tazama molekuli nzima, kwa maana zikishaungana, elektroni ni za molekuli yote. Ziko obitali zinazozifunga atomu pamoja, na ziko nyingine ambazo elektroni zikikaa humo zinazisukuma atomu kuachana. Uimara wa molekuli ni tofauti kati ya hizo mbili. Nilimpinga mwandishi yule kimoyomoyo mpaka nilipofika kwenye oksijeni. Kwa nukta na msalaba, elektroni zote za oksijeni ni jozi, hakuna iliyo peke yake, kwa hiyo oksijeni haipaswi kuvutwa na sumaku. Lakini ukiipoza mpaka iwe kimiminika, inanata kwenye sumaku. Nadharia yangu nzuri haikuwa na la kusema. Ile mpya ilionesha elektroni mbili zimekaa kila moja peke yake, kwenye obitali zile za kusukuma. Huko uendako labda utaiona kwa macho. Mimi sijawahi, nimeiamini kitabuni.

Nakuandikia haya kwa Kiswahili kwa makusudi. Darasani sote tunakariri kwa Kiingereza, na mtu anaweza kukariri miaka ishirini bila kugundua kuwa haelewi. Ukifika huko, jioni jioni jaribu kujieleza somo la siku kwa lugha ya nyumbani. Pale utakapokwama, hapo ndipo hujaelewa.

Basi nikaanza kufundisha upya. Niliwaambia wanafunzi, "Niliyowafundisha mwaka jana yana mapengo, leteni madaftari." Nilidhani watanicheka. Hawakunicheka, waliuliza maswali kuliko wakati wowote. Na wewe mwaka jana, jioni moja ukiosha vyombo, ukaniuliza kwa nini maji yanakaa kimiminika wakati gesi nyingine zenye molekuli nzito kuliko za maji zinapaa. Nikakueleza jinsi oksijeni inavyoivuta jozi kwake, na jinsi upande hasi wa molekuli moja unavyoushika upande chanya wa nyingine. Ukasema, "Kwa hiyo baba, hazishirikiani sawasawa." Nikakukumbatia na mikono yako ina povu. Nilikusifu mpaka mama yako akauliza kuna nini. Kisha nikatoka nje nikasimama karibu na banda la kuku, na kwa mara ya kwanza nililitamka jina la Imelda kwa sauti. Sentensi ile ile, Devota. Wewe nilikukumbatia.

Lakini hata kabla ya jioni ile nilikuwa nimeshapata kipigo kingine, wakati wa vita. Unakumbuka malori ya askari yakipita kuelekea kaskazini, shule imefungwa, na sisi wanaume tukilinda ghala la chakula kilichochangwa na vijiji. Zamu moja ya mchana nilipangwa na yule yule katibu wa tawi. Tulikaa juu ya magunia ya mahindi tukisubiri lori ambalo halikuja. Njaa na woga humfanya mtu aseme, nikamuuliza.

"Katibu, siku ile ulipokaa darasani kwangu, yule binti alipouliza habari za maji, uliandika nini kwenye daftari?"

"Binti gani?"

Nikamkumbusha. Alifikiri sana, kisha akaanza kucheka.

"Aa, mwarimu! Siku ire nirikuja kuomba watoto waje kuvuna maharage ya kijiji. Nikakaa pare nyuma kungoja umarize. Usingizi ukanishika kabisa."

"Na daftari?"

"Nirikuwa naandika majembe. Hicho Kiingereza chenu ningekijuria wapi, mwarimu? Mimi nimeishia darasa ra nne."

Alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka naye. Halafu nikaenda nyuma ya ghala nikakaa chini. Somo lilikuwa la Kiingereza! Mtu niliyemwogopa hakuelewa neno moja, na mimi nilikuwa najua kabisa hajui lugha ile, lakini woga ulinisahaulisha. Hakuna aliyenilazimisha. Kile nilichokuwa nakiita hali ya wakati ule kilikuwa mimi tu.

Ungedhani baada ya hapo nilikwenda mbio kumtafuta Imelda. Sikwenda. Nilijiambia vita kwanza viishe. Vikaisha. Nikajiambia sijui yuko wapi. Mwaka huu, likizo ya kwanza, nikaitwa Biharamulo kuendesha semina ya sayansi kwa walimu wa shule za msingi, wale waliochukuliwa haraka ili kila mtoto asome. Kwenye benchi la pili alikuwa yeye.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Imelda. Hujambo?"

"Sijambo. Nafundisha Nemba siku hizi. Watoto sabini darasa moja, lakini tunakwenda."

Alifurahi kuniona, mwanangu, furaha ya kweli. Wakati wa chai akaniambia anataka kuomba chuo cha ualimu wa sayansi, apate diploma afundishe sekondari. Akasema, "Hesabu ndizo zilizoniangusha nisiende kidato cha tano, mwalimu, nilijua tu. Sasa kila siku watoto wakitoka nakaa na kitabu cha kidato cha nne, nafanya upya tangu swali la kwanza. Nimekimaliza mara mbili. Unaweza kunisaidia kuandika maombi?"

Nilimsaidia. Nilisahihisha koma zake, nikambadilishia sentensi mbili zikae vizuri, nikamtakia heri. Sikumwambia kwamba maombi yakifika ofisini jalada lake hufunguliwa, na kwamba ndani ya jalada hilo kuna mwandiko wangu. Aliponiletea karanga za kunishukuru nizilete nyumbani, nilizipokea kwa mikono miwili. Ndizo zile ulizozikaanga na chumvi.

Wiki tatu zilizopita ilikuja barua yake. Wamemkataa. Hakuna lawama ndani, ananishukuru tena kwa msaada. Anasema dirisha la maombi limefunguliwa upya mpaka mwisho wa mwezi huu, lakini hatathubutu mpaka hesabu zake zikae sawa, na kwamba ameanza kile kitabu mara ya tatu.

Niliisoma hapa hapa, nimesimama. Ndipo nilipoamua, na uamuzi huo haujatetereka tangu siku hiyo. Nimeandika barua kwa ofisi ya elimu ya mkoa. Nimeeleza Imelda aliuliza nini, alijibu nini kwenye mtihani, mimi nikampa nini, na kwamba maneno niliyoandika kwenye fomu yake ni ya uongo na niliyaandika kwa woga. Nimetia sahihi. Mkuu wa shule aliisoma kisha akaivua miwani yake.

"Ukipeleka hii, watauliza umeandika nini kwenye fomu za wengine."

"Waulize."

"Wanaweza kukuondoa kwenye kazi, mwalimu. Na nyumba ni ya shule."

"Najua nyumba ni ya nani."

Akapiga muhuri wa kupokea nakala. Barua imeondoka juzi na mfuko wa posta. Mama yako nilimwambia Jumanne. Alikuwa anachekecha unga. Alisema, "Umechelewa," akaendelea kuchekecha, na usiku akaanza kunipangia vitu vya kuuza kama tutahama. Unamwona mama aliyekuzaa.

Kwa hiyo likizo ukirudi huenda ukatukuta kwenye nyumba ya bibi, kule kando ya barabara, nikilima. Huenda usitukute na lolote lililobadilika. Sijui, na nimeacha kukisia. Nafasi yako haiko hatarini, nimeuliza, fomu yako haina mkono wangu.

Mawaidha sina mengi, na haki ya kukuambia uwe jasiri sina kabisa. Nitakuambia tu nilivyojiona. Sikuwahi kupanga kuwa mtu mwovu. Nilikuwa nalinda sentensi moja nzuri iliyoandikwa ubaoni, na kila hatua iliyofuata ilionekana ndogo. Kemia yenyewe haikunifanyia hivyo. Nadharia ya nukta na misalaba ilipokosa la kusema mbele ya oksijeni, waliokuwa wameifundisha maisha yao yote waliiweka kando wakaanza upya, na bado tunaitumia pale inapofaa. Utafundishwa obitali kama jambo lililokwisha, lakini nadhani nazo zina swali linalozingoja. Na hata maji ya Imelda, nasikia yako maelezo marefu zaidi ya haya niliyokupa. Ukiyapata, niandikie. Nitapenda kusahihishwa na wewe.

Na kama huko atatokea mtu, mwanafunzi mwenzako au mwalimu, akuulize swali litakalokufanya utazame nyuma kuona nani anasikiliza, basi unikumbuke mimi.

Sasa jambo la kesho. Niliahidi kukusindikiza mpaka Biharamulo nikupandishe basi la Mwanza kwa mkono wangu. Sitaweza. Yuko sista wa hospitali anayesafiri na lori hilo hilo, kisha basi, mpaka Mwanza, nimezungumza naye, utakaa naye. Barua hii nitakupa asubuhi tukishapanda. Isome kabla hatujafika Nemba, ili nikishuka ujue nashukia nini. Dereva anasimama pale kupakia mahindi, na nyumba ya walimu iko karibu na barabara. Usinishike mkono, na usishuke kuja kunitetea. Nalia ninapoandika haya, lakini siogopi, na hayo mawili sikujua kwamba yanaweza kukaa pamoja.

Ofisi inaweza kuchukua miezi kujibu, na dirisha la maombi linafungwa mwisho wa mwezi. Siwezi kumwacha asubiri ofisi. Atakuwa mezani na kile kitabu, mara ya tatu, akitafuta alipokosea. Nitabisha hodi, na kabla hajaniamkia nitamwambia akifunge, kwa sababu hesabu zake hazikuwahi kuwa na kosa, na mwenye kosa amesimama mlangoni.

Nenda salama, mama.

Baba yako